Kazi ya Nne Ndiyo Iliyokaa

Ndani ya pampu ya maji ya injini ya boti mna kidude cha mpira, cha duara, chenye mabawa sita, kidogo kuliko kitumbua. Mafundi wa hapa gatini hukiita impela. Ndicho kinachovuta maji ya bahari yapande yapoze injini. Mpira ukilika maji hayapandi, injini inachemka, na boti inakuzimikia katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda huku mkondo unavuta. Wiki iliyopita nahodha mmoja wa Kizingitini alikuja na impela yake mbovu kaifunga kwenye kitambaa, mabawa mawili yamekatika. Hakujua ni ya injini gani, maana injini yenyewe ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu watatu kabla yake. Nikaishika, nikapitisha kidole kwenye tundu la katikati, nikaenda safu ya tatu, droo ya 14, nikamtolea mpya. Kitabu sikukifungua. Akanishukuru, nami nikaitikia huku naitazama mikono yake, kwa sababu nyuso za watu hunichosha.

Kwa kazi hiyo nalipwa. Nina miaka 35, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, ndiyo Lamu, pwani ya Kenya, na nina usonji, kwa Kiingereza autism. Mwaka wa saba huu natunza stoo ya vipuri vya injini za boti. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi tatu, zote nikaachishwa, na hata moja haikunishinda kwa kazi yenyewe. Kufua nilifua, kuhesabu nilihesabu, kuandika niliandika. Kilichonishinda ni yale yanayoizunguka kazi ambayo hakuna anayeyasema, kwa kuwa kila mtu anadhani yanajulikana. Nililielewa hilo nikiwa nimeshapita miaka 28, na ndiyo sababu ya kuandika. Najua kuna mtu yuko chumbani kwake sasa hivi ameambiwa ni mvivu, naye anaitaka kazi kuliko huyo aliyemwambia.

Utotoni hakuna aliyeshuku kitu. Kwetu mtoto wa kike akiinamisha mato mbele ya wakubwa husifiwa, wakasema binti huyu kalelewa. Mimi sikuwa nainamisha kwa adabu. Nikitazamana na mtu nilikuwa sisikii tena anachosema. Katika chuo cha Kurani nilihifadhi juzuu upesi kuliko wenzangu, nikapendwa na maalim. Salamu ndizo zilizonitesa. Mtu wa Amu hasalimu mara moja akapita. Ni sabalkheri, ni wambaje, ni hali ya mama, ni hali ya bibi, kisha inarudi tena kutoka mwanzo kwa maneno mengine. Nilizihifadhi zote kama nilivyohifadhi juzuu, swali na jibu lake. Aliyeniuliza swali ambalo sikulihifadhi nilimnyamazia, naye akaenda kusema nina kiburi.

Kazi ya kwanza ilikuwa mwaka 2009, katika nyumba ya wageni huko Shela. Nilikwenda kwa miguu kila alfajiri nikifuata ufuo, na mwendo ule peke yangu niliupenda. Nilifua mashuka, nikayapiga pasi, nikayakunja pembe kwa pembe. Mwenye kusimamia alikuwa mama mpole wa maneno, na upole wake ndio uliotukosanisha. Alikuwa akiniambia, "Ukipata nafasi, mwanangu, pitia kile chumba cha juu." Nafasi sikuipata, kwa hiyo sikupitia. Siku tatu wageni wa juu walilalia mashuka yale yale. Akaja na hasira kwamba namdharau, nami nikawa namtazama ukutani nyuma yake nikijaribu kuelewa. Alisema ukipata nafasi. Nilikuwa sijaipata! Leo najua kwamba kwa watu wengi "ukipata nafasi" maana yake ni "fanya sasa, nami nakustahi." Adabu yetu nzuri ya Kiswahili imejaa amri zilizovishwa nguo za ombi. "Si vibaya ukitazama jikoni." "Yule mgeni sijui kama amepata chai." Mwenye usonji husikia maneno yalivyo, akakaa akisubiri aambiwe afanye nini. Nilidumu miezi saba.

Kazi ya pili, duka la mabuibui kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, sitaieleza sana. Mteja akiniuliza bei ya mwisho nilimtajia ya mwisho pale pale, kwa kuwa ndiyo aliyoiuliza. Akiniuliza kama nguo imemkaa, nilimwambia kweli. Punda, mikokoteni, kaswida kwenye redio ya jirani na watu kunishika mkono vyote viliniingia kichwani kwa sauti moja. Wiki kumi na moja.

Ya tatu ndiyo iliyonivunja, kwa sababu ndiyo niliyoiweza kabisa. Ilikuwa ofisi ng'ambo, Mokowe, mkataba wa mwaka mmoja, kuingiza fomu za watu kwenye kompyuta. Niliingiza fomu nyingi kuliko yeyote mle ndani, na waliokagua hawakunikuta na kosa. Lakini juu ya kiti changu palikuwa na pangaboi linalolia, na taa ndefu inayopepesa, watu wakisema haipepesi. Mara tatu nilihamishwa meza bila kuambiwa kabla. Nilifika asubuhi nikamkuta mtu mwingine mahali pangu na vitu vyangu viko kwenye boksi. Saa ya chai nilitoka nikakaa chini ya mwarobaini peke yangu, nusu saa, na nusu saa ile ndiyo iliyonifikisha jioni. Mkataba ulipokwisha hawakuuongeza. Aliyeniambia alisema kazi yangu haina neno, ila "hachangamani na wenziwe." Nilivuka kurudi Amu na boti ya saa kumi, nikaingia chumbani, nikatoka baada ya miezi mitano.

Mama alinipeleka kwa sheikh nikaandikiwa kombe, maji ya aya, nikalinywa. Jirani wakasema ni jini la baharini. Simlaumu mama. Alikuwa anatafuta, na alitafuta kwenye milango aliyoijua.

Jina la jambo lenyewe lilikuja kwa njia ya mtoto. Mwaka 2018 mwana wa dada yangu, akiwa na miaka minne na hajasema neno, alipelekwa Mombasa kupimwa. Dada aliulizwa maswali mengi. Je, mtoto hupanga vitu kwa safu? Huziba masikio? Hukasirika ratiba ikibadilika? Aliporudi alikaa kitandani kwangu na ile karatasi akasema, "Mengi ya haya ni wewe." Miezi michache baadaye nilipanda basi nami, kule Mokowe, kwa msafara wa askari kama ilivyo njia yetu, hadi Mombasa. Mwanasaikolojia alinihoji siku mbili. Aliniuliza kuhusu utoto wangu, akampigia mama simu akamuuliza pia. Mwisho akaniambia ni usonji, kwamba nilizaliwa nao, kwamba si maradhi ya kutibiwa wala si laana, na kwamba wanawake wengi hugunduliwa ukubwani kwa sababu hujifunza kuuficha. Njia nzima ya kurudi, Garsen, Gamba, Witu, nilikuwa nalia chini ya mtandio, na haikuwa huzuni.

Huwa namkumbuka mtu mmoja wa Marekani niliyesoma habari zake baada ya hapo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner aliandika ripoti ya watoto 11 wenye usonji, na wa kwanza kwenye ripoti ile ni Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Baadaye huyu Donald aliajiriwa katika benki ya mji wao, benki iliyokuwa ya ukoo wa mama yake, akafanya kazi pale mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 89. Sitaki kusema uongo kwamba kila mtu ana babu mwenye benki. Lakini mji ule ulimjua tangu mtoto, ukazizoea tabia zake, na kiti chake kikawa chake. Amu nayo ni mji mdogo. Watu hujuana mpaka mababu. Nikajiambia kwamba kosa langu lilikuwa kujaribu kuwafanya wasinijue.

Kwanza nilijiandikisha. Nilipimwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali, fomu zikapelekwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, nikapata kadi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inamtaja mtu mwenye ulemavu na heshima yake, na sheria mpya ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee watu wenye ulemavu asilimia 5 ya nafasi. Msamaha wa kodi upo pia, kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Nafurahi sheria hizi zipo, na kijana anayetafuta kazi serikalini au kampuni kubwa azitumie bila haya. Ila hebu tembea kuanzia gatini hadi Mkomani uhesabu ni mahali pangapi pana wafanyakazi 20. Kazi za Amu ni za watu watatu, wanne, dukani, karakanani, jahazini. Huko asilimia 5 haifiki. Huko ni wewe na mwenye mali mkitazamana, au msipotazamana.

Mwenye stoo hii wote twamwita Ami. Ni mzee aliyeanza ubaharia akiwa mtoto, akasafiri kwa majahazi kabla hajageukia injini. Mwaka 2019, kabla ya Ramadhani, alikuwa anatafuta mtu wa kumhesabia mali. Shemeji akanitaja. Hapakuwa na intavyu. Niliambiwa ni siku tatu, hesabu kila kitu, andika. Siku ya tatu nikampa daftari lenye vitu 1,146, kila kimoja na idadi yake na mahali kilipo, na karatasi nyingine ya vitu alivyovinunua mara mbili kwa sababu hakujua anavyo. Alikuwa na gasketi za aina moja kwenye makopo manne tofauti. Akaniuliza kama naweza kubaki.

Kama angenifanyia intavyu nisingebaki. Intavyu hupima jinsi mtu anavyozungumza na asiowajua juu ya nafsi yake, na stoo haina haja na hilo. Nawaambia wazazi wanaoniuliza, usimtafutie mwanao intavyu. Mtafutie siku tatu za kazi yenyewe, zenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na alipwe siku hizo hata asipochukuliwa.

Usiku ule sikulala. Nilitaka kunyamaza, nijifiche tena kama zamani. Kisha nikaandika barua, ukurasa mmoja, maana kwa mdomo ningepotea. Bado ninayo nakala. Niliandika hivi: "Ami, nina usonji. Nikinyamaza sijanuna. Ukiniambia ukipata nafasi sitajua kama ni amri, kwa hiyo niambie nifanye nini na kwa saa ngapi. Ukitaka kubadilisha kitu niambie siku moja kabla. Kelele ya ghafla huniumiza kama kupigwa. Naomba kuingia kwa mlango wa nyuma, wa kichochoroni, kwa sababu mbele pana baraza na wazee saba, na kwa salamu zao nitakuwa nimechoka kabla sijaanza. Nitawasalimu saa sita nikitoka. Ukinikasirikia niambie umenikasirikia, kwa sababu usoni sitaona."

Akavaa miwani akaisoma, akairudia. Kisha akaniuliza, "Nahodha akitaka tanga lishuke husemaje?"

"Husema tua."

"Hasemi, jamani, mkipata nafasi?"

"La, Ami."

"Akisema hivyo chombo hupinduka. Tweka, tua, bisha, neno moja na kila mtu ajua lake. Basi nasi hapa tutasema tua." Akaikunja barua akaitia kwenye kasha la pesa.

Sijasikia maneno yaliyonituliza zaidi ya hayo. Nilikuwa nimeomba nihurumiwe, naye akanionyesha kwamba ninachokiomba ndicho mabaharia wa mji huu wanachokifanya siku zote, kwa sababu baharini hakuna muda wa kukisia.

Tangu siku ile mna ubao mweusi stooni. Kila asubuhi nikiingia nakuta Ami ameuandika kwa chaki. "Hesabu plagi zote. Fundi wa Matondoni atakuja saa nne, mpe gasketi mbili, deni. Leo hakuna mgeni." Asipokuwapo huandika mwanawe, anayekaa kaunta. Mwanawe alinung'unika mwanzo kwamba ni kazi ya bure. Siku hizi nyumbani kwake nako ana ubao.

Injini hujaribiwa nje, ndani ya pipa la maji, na sauti yake hutikisa rafu. Tulikubaliana fundi agonge ukuta mara tatu, angoje kidogo, kisha avute kamba. Nami nina vifuniko vya masikio kama vya wajenzi, navivaa chini ya mtandio na hakuna anayeviona. Kabla ya hapo, miaka yote, nilikuwa nikijifunga mitandio miwili ili kelele ipungue, na sikujua kwa nini nafanya hivyo.

Haikuwa laini yote. Mwaka wa pili, tulipofungua baada ya Idi, nilikuta stoo imepangwa upya. Mwanawe Ami alitaka kunifurahisha, amepaka rafu rangi akahamisha droo zote. Nilisimama mlangoni nikaona kila kitu kimepotea ingawa kilikuwapo. Nilipiga kelele, nikajifunika uso kwa buibui, nikakimbia, na siku mbili sikuja. Nilikuwa nimeshajua mwisho wake, ulikuwa kama ule wa Shela na Mokowe. Siku ya tatu Ami alikuja nyumbani, akakaa ukumbini na mama, akanitumia maneno kupitia kwake: "Droo zimerudi. Rangi haikuondoka. Aamue mwenyewe kama rangi aiweza." Rangi niliiweza. Kijana aliniomba radhi nami nikamwomba, maana alikuwa na nia njema na nilimtisha. Naona hapo ndipo kazi hii ilipokuwa ya kudumu, si ile siku niliyoajiriwa. Kila kazi ina siku ya kuharibika, na kabla yake sijui kama nimeajiriwa au nimekaribishwa tu.

Mwaka 2020 korona ilipowafukuza watalii na boti zikalala, Ami alipunguza siku za kazi lakini hakupunguza mtu. Mshahara wangu ulianza shilingi 9,000, sasa ni 17,000, na NSSF inalipwa. Si nyingi. Lakini najua itaingia, najua lini, na nimeanza kumlipia mwana wa dada mwalimu wa kumfundisha kuzungumza. Sasa anasema maneno, mengi yao majina ya boti. Mwaka wenyewe una mpango wake, nao hunifaa. Kusi ikivuma bahari huchafuka, wavuvi huleta injini kufunguliwa, na stoo huwa na kazi nyingi. Wakati wa kaskazi wavuvi wakitoka, nahesabu na kuagiza. Upepo haujanibadilishia ratiba bila taarifa.

Kuna gharama ambazo kadi na ubao haviondoi. Nikifika nyumbani jioni siwezi kuzungumza na mtu kwa saa nzima, na mama amejifunza kuniwekea chai mlangoni akaenda zake. Harusini siendi, labda dakika kumi. Wapo wanaosema Ami ananifuga kwa sadaka. Hao sijawajibu, naendelea na hesabu.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Faza alikuja na mwanawe wa miaka 22. Alikuwa amevuka asubuhi ile, amechoka, akaanza kunieleza mambo ya kijana mbele ya kijana mwenyewe. Haangalii watu, hajakaa kazini zaidi ya mwezi, alifukuzwa kwenye kinyozi, alifukuzwa kwa muuza samaki. Kijana alikuwa anapapasa kingo za meza, akizifuata kwa kidole mpaka pembeni na kurudi. Nikamwambia, "Mama, niwie radhi, ningependa nimuulize yeye." Nikamweleza kijana bila kumtazama, naye bila kunitazama: nati na bolti zimechanganyika kwenye makasha sita, zinatakiwa kutengwa kwa ukubwa, siku tatu, kuanzia Jumatatu saa tatu mpaka saa sita, kwa shilingi 500 kila siku. Ami ameshakubali. Anayesimamia ni mimi. Hakuna kingine cha kufanya.

Alikaa kimya muda mrefu. Mama yake akataka kumjibia, nikamwekea mkono kwenye bega asubiri.

"Niingie kwa mlango upi?" akauliza.